Injini Tupu ya Kuzuhara

Fundi Kuzuhara hakuwa mtu wa kubembelezwa. Mteja mwenye maneno mengi alionyeshwa mlango. Lakini Shuhei, mtoto wa marehemu Makabe, alipoileta fremu ya pikipiki ya baba yake irefushwe shingo, pale mbele usukani unaposhikia, fundi aliipokea kwa mikono miwili. Mlio wa injini ya Makabe aliujua kuliko sauti ya mkewe. Ujana wao wote pale mjini Hamamatsu, Japani, waliumalizia juu ya pikipiki ile, mmoja anaendesha, mwingine kang'ang'ania nyuma. Sasa alitaka kitu kimoja tu: aisikie ikinguruma tena kabla masikio hayajamwisha nguvu.

"Injini usiilete kwanza," alimwambia Shuhei. "Hapa ni moto mtupu, nitaiharibu bure."

"Sawa, mjomba," Shuhei akajibu harakaharaka, huyo akaondoka.

Fundi alikuwa na injini yake tupu, ya aina ileile, aliyoiokota kwenye vyuma chakavu. Haikuwa na pistoni wala krenki, ganda tu. Aliifunga kwa bolti ndani ya fremu, ndipo akaanza kukata na kuchomelea. Chuma kikipata moto hujipinda, na bila ganda lile kukishikilia, matundu ya bolti yangehama na injini yenyewe isingeingia. Akawa anachomelea kidogo, anangoja kipoe, anapima, anachomelea tena. Onigiri, matonge ya wali, alizoletewa na mkewe Fusae zilimkaukia mezani.

"Mzee, hiyo pikipiki unataka kuioa?"

"Wee ngoja tu, mama. Siku ikiwaka utacheza mwenyewe."

Fremu ikakamilika, bolti zikawa zinaingia kwa kidole. Akampigia Shuhei simu alete injini. Shuhei akaja na kopo la dawa ya kung'arishia vyuma.

"Injini iko wapi?"

"Si hiyo hapo, mjomba? Ing'arishe tu, iache humohumo."

"Hili ni ganda! Nauliza ya baba yako."

"Ile niliiuza kabla hata sijakuletea fremu. Pikipiki itakaa dirishani iwe pambo, kwenye mgahawa wangu wa tambi za rameni. Nani ataiwasha?"

Kuzuhara alikatika maini. Jamani, mtoto gani huyu!

"Na muda wote huo umenyamaza?"

"Ningesema, ungeikubali kazi?"

Fundi alichukua spana, akafungua bolti mojamoja, akalitoa ganda lake na kulisukumia chini ya meza.

"Hiki ni kifaa changu cha kazi. Beba fremu yako uende."

Akadhani amemkomoa. Thubutu! Shuhei alitundika taa ya karatasi katika lile pengo la injini, na watu wakapanga foleni kupiga picha. Chini yake akaandika jina la fundi kwa herufi kubwa. Fusae alikwenda kuona, akarudi akamsimulia mumewe. Mzee alikaa siku nzima karakanani bila kushika kitu.

Asubuhi moja simu ikalia.

"Fundi Kuzuhara? Nimeiona kazi yako, hongera sana! Nami nataka kama ile. Ile yenye pengo, isiyo na injini."

Kuzuhara akakata simu.

"Nani huyo?" Fusae akauliza.

"Amekosea namba."