Samaki Aliyerudi Kutoka Ng'ambo

Shangazi hataki chakula cha nje kikanyage jikoni mwake. Aligeuza kopo la samaki nililonunua, akaona jina la nchi ya watu kwa herufi kubwa, akalisukuma pembeni. "Rudisha dukani."

"Huko ndiko walikomfungia kwenye kopo," nikamwambia. "Soma chini: amevuliwa kwenye maji yetu."

Akavaa miwani, akasoma, akaguna. "Kumbe mwenzetu. Kaenda ng'ambo, wamemkata kichwa, sasa karudi anajiuza ghali."

Baba mdogo, aliyerudi kutoka ng'ambo juzi na tangu hapo kila chakula chetu anakitoa kasoro, akaweka kijiko chini. "Dada, unamsema samaki au mimi?"

"Samaki. Wewe kichwa walikuachia," akasema Shangazi, akifungua kopo. "Ila sijui walichotoa ndani."