Wiki ya Mapumziko

Gereji nzima ilimwita Kioo, kwa sababu gari likitoka kwake unaweza kunyoa ndevu ukijitazama kwenye mlango wake. Alikuwa fundi rangi, na kipimo chake kilikuwa kiganja. Macho yanadanganywa na mwanga, alizoea kusema. Kiganja hakina ujinga huo. Asubuhi hiyo alivua glavu ya mkono wa kulia, akainama juu ya boneti iliyopigwa puti ya kuziba mabonde, kisha msasa, akapitisha kiganja taratibu. Hakusikia kitu. Akapitisha tena. Ilikuwa kama anapapasa mkono wa mtu mwingine.

"Tayari," akasema, akavaa glavu haraka.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye aliyekuwa mnyoosha bodi hapo. Alikuja na kitambaa begani, akapitisha kidole kimoja tu, akacheka kwa pua.

"Tayari kwa nani? Hapa pana mfereji, shemeji. Ng'ombe anaweza kunywa maji."

"Kidole chako kina grisi."

"Na chako kina nini? Tangu lini fundi anafanya kazi amevaa glavu kama bibi harusi?"

Kabla Kioo hajajibu, shemeji alikwishamshika kifundo cha mkono na kuivuta glavu. Ikatoka na ngozi. Kiganja kilikuwa chekundu kama kimetolewa kwenye maji yanayochemka, na ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, hazina hata mstari. Mafundi wengine wakaacha nyundo.

"Na huo mkono unataka kushika bunduki ya rangi?" shemeji akasema, sasa bila kucheka. "Utatuharibia magari ya watu. Niachie mimi."

Hapo ndipo palipouma kuliko ngozi. Bunduki ile ya kupulizia rangi ilikuwa ya Kioo, hakuna aliyewahi kuigusa, na shemeji alikuwa akiitolea macho tangu Kioo alipopasuliwa tumbo kuondolewa uvimbe. Kansa ya utumbo mpana, walimwambia. Uvimbe umetoka, lakini mabaki hayaonekani kwa macho, kwa hiyo utameza vidonge. Kioo alijiapiza kwamba atamaliza vidonge hivyo na kurudi kazini mzima kabla shemeji hajaota ndoto nyingine.

"Gusa bunduki yangu uone," alisema, akaondoka akichechemea, maana nyayo nazo zilikuwa zinawaka.

Nyumbani hakupata nafuu. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya kabati, kisanduku cha dawa mkononi.

"Hiki cha raundi ya pili nani amekifungua?"

"Panya."

"Panya anayejua kutoboa karatasi ya vidonge kimoja kimoja? Baba watoto, hii ni wiki ya mapumziko. Hutakiwi kumeza hata kimoja!"

"Mapumziko ni ya wagonjwa."

"Na wewe ni nani, mgeni rasmi?"

Kioo alikaa kitandani, akamgeuzia mgongo. Alikuwa na hesabu yake na aliiona nzuri. Hospitali ni mbali, kwa hiyo walimpa visanduku vya raundi mbili kwa pamoja. Wiki mbili kumeza, wiki moja kuacha, kisha kurudia. Sasa kuacha kwa nini? Kazi ukiiacha katikati unaichelewesha. Akaunganisha. Mdomo ulipotoka vidonda alifurahi kimoyomoyo, akidhani dawa imeanza kazi. Tumbo lilipoanza kuharisha alijiambia uchafu unatoka. Viganja vilipowaka, akasema kinachoungua ni kansa.

"Walisema ukiona vidonda mdomoni, ukiharisha, upige simu siku hiyohiyo," mkewe akasema. "Mdogo wangu aliniambia. Alikuwepo."

"Basi olewa na mdogo wako."

"Ningekuwa naolewa upya nisingekuchagua wewe, hilo usiwe na wasiwasi." Akakifunga kisanduku kwa hasira. "Unamkumbuka yule mteja aliyelilia apewe gari lake la bluu siku hiyohiyo? Ulimfukuza kwa bomba la maji. Ulimwambia nini?"

Kioo aliingiza viganja chini ya shuka.

"Ulimwambia mkono wa pili wa rangi haupigwi kabla wa kwanza haujakauka, utabanduka mpaka kwenye bati. Haya, tazama mikono yako. Bati hilo hapo."

Mkewe alimpigia simu mdogo wake alete pikapu. Wakaenda hospitali wote watatu.

Chumba cha kliniki kilikuwa kilekile, na benchi lilelile lililolegea mguu mmoja. Mara ya kwanza daktari alieleza kwa haraka, foleni ikisukuma mlango, kisha akauliza, "Umeelewa?" Shemeji alikuwa amekaa pembeni, mikono kifuani, anasikiliza kama mtu anayekagua gari la kununua. Kioo angemuulizaje daktari swali mbele ya yule? Kesho yake gereji nzima ingejua kwamba Kioo haelewi. Alijibu, "Ndiyo, dokta, mimi si mtoto mdogo." Wakatoka.

Safari hii alikuwapo sista, mwanamke mnene asiye na subira. Alitazama viganja, akamulika mdomo, akampima homa na kumtoa damu. Majibu yaliporudi alikunja uso.

"Damu imeshuka. Ungepata homa kidogo tu tungekuwa tunakuzika. Vidonge vinasimama leo, mpaka daktari aseme. Nani alikwambia uunganishe?"

"Hakuna aliyenikataza."

"Ulikatazwa hapa hapa! Mimi nilikuwa mlangoni. Haya, niambie kwa maneno yako mwenyewe, ile wiki moja ni ya nini?"

Kioo alikohoa. Alimwangalia mkewe, mkewe akaangalia dirisha.

"Ni... hospitali mnabania dawa. Mnaogopa zitaisha."

Shemeji alipasuka kicheko kule pembeni. "Sista, mwache. Huyu hata kitabu cha redio ya gari anakisoma kichwa chini. Nieleze mimi, nitamweleza polepole."

Damu ilimpanda Kioo mpaka masikioni. Zamani angerusha benchi. Lakini alivitazama vidole vyake, ambavyo havikusikia hata ubao wa benchi aliokuwa ameushika, na akaona wazi kabisa kitu ambacho shemeji angekirithi bila kupigana: akiendelea kujifanya anajua, mtu huyu atapata bunduki, gereji, na kiti cha mbele msibani.

"Sikuelewa," alisema.

"Umesemaje?" sista akauliza.

"Nimesema sikuelewa! Wala leo. Wala siku ile. Nilisema ndiyo ili niondoke." Kisha akageuka kwa shemeji. "Na wewe toka nje."

"Mimi ndiye niliyekuleta, shemeji."

"Kalilinde pikapu lako. Toka! Nina maswali, na wewe si mgonjwa."

Shemeji alimtazama dada yake, akitafuta msaada. Dada yake akamfungulia mlango.

Ulipofungwa, sista alivuta kiti. Hakulegeza uso, lakini alieleza tena, safari hii bila kukimbia. Dawa hii haichagui, alisema. Inapiga kansa, inapiga na ngozi, mdomo, utumbo, damu. Vile vizima hupona haraka kuliko vyenye kansa, ukivipa wiki. Usipovipa, dawa itakumaliza kabla ya ugonjwa.

"Rudia," akasema.

"Unaacha cha kwanza kikauke," Kioo alisema taratibu. "Ukipiga juu ya kibichi, kinabanduka mpaka chini."

"Hicho ndicho nilichosema?"

"Ndicho nilichoelewa. Ni kibaya?"

Sista alifikiri. "Si kibaya. Endelea."

"Vidole. Vitasikia tena?"

"Huenda. Vya wengi hurudi. Siwezi kukuahidi."

Nje, kupitia dirisha, shemeji alikuwa ameegemea pikapu, anapiga simu, bila shaka gereji, bila shaka akicheka. Kioo alimwona. Akasogeza benchi likatazama ukuta.

"Swali la pili," alimwambia sista. "Na usiseme haraka."