Shungi la Kisogoni

Mume wa Teresa alikufa Jumanne, na kufikia Jumatano asubuhi Teresa alikuwa analilia mambo mawili. La kwanza kila mtu alilijua: Sylvanus wake, mpakuaji wa simenti bandarini Port Bell, alibanwa ukutani na lori, akafikishwa hospitali ya Mulago akiwa hana kauli tena. La pili lilikuwa kichwani pake, chini ya kitambaa, wala hapakuwa na mtu aliye hai aliyelijua.

Teresa hakuwa na nywele. Zilianza kumtoka baada ya kumzaa Naliaka, kwanza kiduara kama sarafu nyuma ya sikio, kisha kingine, mwisho mto ukawa unaamka na nywele nyingi kuliko yeye. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa huo una jina, hauui, hauambukizi, na pengine hauponi. Sylvanus alimnunulia wigi la nailoni, akamwambia, "Hii ni siri ya kitanda chetu," na kwa miaka sita akaitunza kama alivyoahidi. Wanaume wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi, na lori lile, kati ya watu wote waliojaa bandarini, halikuona mwingine wa kumbana.

Kilichomtisha Teresa ni matanga. Ukoo wa Sylvanus ulitoka Kenya zamani kufuata kazi za reli, ukajenga Luzira na Bwaise, ukasahau karibu kila kitu cha nyumbani isipokuwa namna ya kuomboleza. Kwao, mfiwa hunyolewa siku ya tatu, ukihesabu na siku ya maziko. Mjini wamelegeza kidogo: mama mkubwa wa ukoo hukata shungi moja tu mbele ya watu, akalitupa kwenye moto wa matanga, watu wakanusa moshi, na zilizobaki mtu akajinyoa mwenyewe chumbani kwake. Lakini shungi lazima lipatikane. Mjane akiingia matangani na kichwa kilichokwisha kunyolewa, hana cha kujitetea. Maana yake alimlilia mumewe angali hai. Alijua atakufa, na aliyejua ndiye aliyefanya. Mwanamke huyo huondoka na nguo alizovaa, na mtoto hubaki kwa wenye mtoto.

Shahidi wa Teresa alikuwa mmoja tu, na sasa alikuwa kwenye jeneza.

Nailoni lake la siku zote lisingemfaa, kwa sababu nailoni halijui kuungua kama nywele. Alihitaji wigi la nywele za mtu, na pesa za wigi la namna hiyo mke wa mpakua simenti huziona kwa wenzake. Angelipata, mambo yangegeuka kuwa rahisi ajabu: shungi lingekatwa, moshi ungenuka unavyotakiwa, na baada ya hapo angekuwa na mwaka mzima wa upara halali, upara wa heshima, upara ambao watu wangempa pole kwa ajili yake.

Usiwe na siri na hali huna mtu wa kukubandikia wigi. Teresa alimwita Valarie, mke wa Cleopas, kaka wa marehemu. Valarie alikuwa na saluni Bwaise, mikono miepesi na maneno matamu, na tangu msiba uanze yeye ndiye aliyekuwa akimchemshia uji na kumlaza Naliaka. Mtoto alimpenda sana. Valarie mwenyewe hakujaliwa mtoto, na katika ukoo ule hakuna aliyemwacha asahau jambo hilo.

Teresa alifunga mlango, akavua kitambaa.

Valarie alikitazama kichwa kile. Akakigusa. "Banange, Mama Naliaka. Hii yote umebeba peke yako?"

"Marehemu alijua."

"Kwani marehemu atasema nini sasa?" Akamfuta machozi kwa upindo wa kanga. "Usilie. Tafuta nyele ya mtu, mimi nitakubandika na gundi ya saluni. Hata upepo ya ziwa haitatoa."

"Na watakata wapi? Mama mkwe alipofiwa na mzee, mimi nilikuwa sijaolewa huku. Wewe ulikuwepo."

Valarie aliweka kidole juu ya paji la uso wake, pale nywele zinapoanzia. "Hapa mbele. Kwani kwenu mlikatwa wapi?"

"Hapo hapo. Baba alipokufa. Nilikuwa mtoto."

"Basi. Ni kitu moja."

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wahenga. Wahenga hao hao walisema mchawi mpe mwana kulea, na Teresa, kwa shida aliyokuwa nayo, alikumbuka methali moja tu.

Mjane hatakiwi kuzurura, lakini huruhusiwa kwenda kununua nguo nyeusi. Alhamisi Teresa aliaga hivyo. Kwanza alipita kwa jirani, akamwachia cherehani yake, ile aliyoshonea sare za shule tangu aje Kampala, akapewa alichopewa bila kubishana. Kisha akapanda ghorofa za maduka mjini, mlango kwa mlango, akitajiwa bei za kumfanya mtu ashike ukuta. Muuzaji mmoja alimuuliza kama anajinunulia yeye au bosi wake. Mwingine alimnyang'anya wigi mkononi kabla hajamaliza kulishika.

Mwisho alifika kwa Mahfudha, mama wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijani, ambaye babu zake walifika Buganda na misafara ya pwani wakalowea. Mahfudha hakumuuliza ni la nani. Alichomoa unywele mmoja kwenye wigi jeusi zuri, akawasha kiberiti. Unywele ulikunjamana, ukawa majivu, ukanuka kama kichwa cha mbuzi kinachochomwa.

"Hiyo ndiyo nywele ya mtu, nyabo," alisema. Akataja bei.

Teresa alikalia kigoda bila kukaribishwa. "Mama, hakuna ya hali yangu?"

Mahfudha alimtazama, akakiona kitambaa kilivyofungwa kwa kukazwa, na nadhani alielewa. Akavuta sanduku la chini. "Iko hii ya mchanganyiko. Mbele hapa, safu tatu, ni nywele ya mtu. Nyuma yote nailoni. Wengine watakuuzia wakikwambia ni ya mtu mpaka mwisho, wakuchomee hii ya mbele uamini. Mimi nakwambia ukweli, ili kesho usinirudie na matusi."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, Teresa alicheka. Safu tatu za mbele! Hakuhitaji hata unywele mmoja zaidi. Aliona kama Sylvanus amemfungulia mlango kutoka huko aliko.

"Nailoni na moto haviivani, mwanangu," Mahfudha alimwambia akimfungia. "Ukikaa jikoni, usiupe moto kisogo."

Walimzika Sylvanus Jumamosi, Luzira, nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Jumatatu alfajiri Valarie alimketisha Teresa chumbani, akampaka gundi kuzunguka kichwa chote, akalibandika wigi, akalichana, akamsukia vizuri zile za mbele zianguke usoni. Alifanya kazi safi. "Hata mimi ningedanganyika," alisema, akambusu shavuni.

Watu walikaa duara uani, moto katikati. Mama Nabangala, mama mkwe, alisimama na mkasi. Hakuwa amempenda Teresa tangu siku ya kwanza. Alitaka mjukuu wa kiume, akaletewa Naliaka peke yake. Hata hivyo leo uso wake ulikuwa wa mama aliyezika, na Teresa alimwonea huruma ya kweli.

Mtoto alitangulia. Naliaka alipiga magoti, bibi yake akashika nywele za juu ya paji la uso, akakata, akatupa motoni. Harufu ya nywele ikapanda. Teresa alipumua. Ilikuwa mbele, kama alivyoambiwa. Akapiga magoti, akainua uso na kufumba macho.

"Geuka," alisema Mama Nabangala.

"Mama?"

"Geuka, nasema. Mtoto anakatwa mbele, maisha yake iko mbele. Mjane anakatwa kisogo. Bwana yake iko nyuma sasa." Akashusha mkasi. "Hata mimi nilikatwa kisogo, hapa hapa, watu wakiona. Hakuna mtu alikwambia?"

Teresa alimtafuta Valarie kwa macho. Valarie alikuwa amekaa upande wa pili wa moto, amempakata Naliaka, anampangusa vinywele shingoni, na hakuinua kichwa.

Hapo Teresa alielewa yote, na kuelewa hakukumsaidia kitu. Aligeuka. Angefanya nini? Alisikia mkasi ukila nyuma ya shingo, akaomba Mungu azime moto, alete mvua, amuue hapo hapo. Mungu hakufanya hata moja.

Shungi halikuungua. Lilijikunja, likayeyuka, likadondoka matone meusi yanayowaka juu ya kuni, na moshi mzito ukatoka ukinuka kama jerikani iliyochomwa. Harufu hiyo hakuna mtu wa Bwaise asiyeijua. La kuvunda halina ubani. Watu waliinuka vitini mmoja mmoja.

Cleopas alimfikia kwanza. Alilishika wigi utosini, akavuta. Gundi ilikataa, akavuta tena kwa mikono miwili, likatoka na ngozi. Katika yote ambayo Valarie alimpa Teresa, gundi tu ndiyo haikuwa ya uongo.

Kichwa kilibaki wazi juani, cheupe, kinavuja damu.

"Amejinyoa," mtu alisema. "Amejinyoa zamani."

"Ni ugonjwa!" Teresa alilia. "Mama, ni ugonjwa, tangu nimzae mtoto! Sylvanus alijua!"

"Basi mwite," alisema Mama Nabangala, akionyesha kaburi kwa mkasi. "Mwite akuje aseme."

"Valarie anajua! Valarie, waambie! Wewe ndiye umenibandika!"

Wote walimgeukia Valarie. Yeye alikuwa ameshamfunika Naliaka uso kwa kanga, kwa upole, kama mtu amkingaye mtoto na vumbi. "Mimi nitajua nini, Mama?" alisema. "Naona leo, kama nyinyi."

Hawakumpiga. Walikuwa watu wa kanisa. Walimtoa nje ya lango na nguo yake nyeusi, na jioni Cleopas alibadilisha kufuli la nyumba ya Bwaise alimokuwa akiishi na Sylvanus. Teresa alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alisikiliza, akakitazama kichwa, akasema mambo ya kimila ni mazito. Alikwenda kwa mchungaji, naye akamshauri asamehe.

Alipanga chumba cha mbao penye mfereji unaofurika, akawa anashona vifungo kwa mkono kwa sababu cherehani ilikuwa kwa mwingine. Nywele hazikuota. Kila aliyemwona alidhani bado yuko kwenye maombolezo, akampa pole, na pole hizo zilimchoma kuliko matusi.

Miezi ilipita ndipo akapata ujasiri wa kusimama nje ya kanisa lao, Jumapili, watu wakitoka. Alimwona Valarie kabla Valarie hajamwona. Alikuwa amevaa wigi lile. Mbele lilimkaa vizuri mno, zile safu tatu ziking'aa, na nyuma palipokatwa amepabana na kibanio chenye maua. Mkono wa Naliaka ulikuwa ndani ya mkono wake. Mtoto amenenepa, nywele zimemrudi, zimesukwa mistari myembamba na mikono ya fundi.

Teresa alipiga magoti vumbini akafungua mikono. "Naliaka. Mwanangu."

Mtoto alirudi nyuma, akashika sketi ya Valarie. Alimtazama mama yake kichwani, si usoni.

"Kwa nini ulimlilia baba kabla hajakufa?" aliuliza.

Maneno aliyoyapanga Teresa tangu siku ya matanga yote yalikuwa ya kuwaambia watu wazima.

"Naliaka, mtu mkubwa haulizwi hivyo," alisema Valarie, kwa sauti ya mama anayefunza adabu. "Msalimie mgeni, tuende."

Na Naliaka, aliyelelewa vizuri, alikunja goti, akamsalimia mgeni, wakaenda zao.