Mpishi wa Mgomo Apanda Ukutani

Wananchi watukufu, simameni wima: leo ninaufungua rasmi ukurasa mpya katika historia ya chama cha wafanyakazi. Mchango wangu ulikuwa kufuta vumbi. Nilikuwa likizo kutoka shule ya bweni, na bibi, msafishaji wa ofisi ya chama, alisema mvivu asisogelee meza yake.

Ofisi ya chama ina ukuta wa mashujaa: Fundi Viatu, aliyekianzisha chama kibandani kwake, Dereva wa Treni, aliyezima injini siku ya mgomo akaingia jela akipiga mluzi, Mwalimu Miwani, aliyeandika katiba. Kila mwaka Mwenyekiti hupita mbele ya picha akisoma vibandiko kwa sauti, na ukumbi hujibu: "Yuko kazini!"

Bibi hakuwemo. Bibi aliyewapikia wagomaji maharage, akaficha mashine ya kuchapia ndani ya pipa la mahindi, akalikalia huku polisi wakipekua nyumba nzima!

"Ukuta si saizi yangu," alisema. Lakini nilimwona akiifuta picha ya Fundi Viatu kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

Mwisho wa mstari kilining'inia kioo ambacho Mwenyekiti hufungia tai. Nikakishusha. Nikatundika picha ya bibi enzi za ujana, mwiko mkononi, na kibandiko cha fahari.

Siku ya sherehe Mwenyekiti, macho kwenye vibandiko, akafika mwisho.

"Mpishi wa Mgomo!"

"Yuko kazini!" ukumbi ukanguruma.

"Niko hapa," bibi akasema kutoka safu ya mbele. "Mbona mnanizika na chai sijanywa?"

Sharti la ukuta ni moja: uwe umekufa. Hilo nililisahau.

Watu walicheka hadi mzee mmoja wa karakana ya reli alipoinuka na fimbo yake. "Maharage yale yalinifikisha mwisho wa mgomo. Picha isiguswe."

Ukumbi mzima ukasimama. Bibi akainua kidevu, akawa yule yule wa pichani.

"Picha inabaki, Mama," Mwenyekiti akasema. "Na wewe ubaki nasi." Kisha akapapasa tai yake, iliyokuwa imeenda upande. "Lakini kioo changu kiko wapi?"

Bibi akageuka. "Mjukuu wangu, mbona umekaa kama aliyekalia pipa?"

Nikainuka polepole. Chini ya mto wa kiti changu, nilipokificha, kioo kilikuwa vipande viwili.

"Ni mimi," nikasema.