Kilima cha Purtell

Jumatatu asubuhi Jenerali Hector Lanyon alikuwa bustanini kwake, Camberwell, kitongoji cha Melbourne, akiokota viwavi kwenye kabichi, maana vita vingine alikuwa amenyang'anywa. Alipoinua kichwa akaona kwamba kati ya banda la kuku na kamba ya nguo kimeota kilima. Kilimfika kiunoni. Upande mmoja kilikuwa kimesimama wima, upande mwingine kilikuwa na mgongo mwembamba wenye miti isiyozidi mche wa mchicha, na kileleni palifuka moshi. Mkewe, Bi Winifred, alisimama na shuka lililolowa mikononi.

"Hicho kitakaa?" aliuliza.

"Sijui, Win."

"Maana kama kitakaa nihamishe kamba."

Akaihamisha. Jenerali alikitambua kilima mara moja, kwa kuwa aliwahi kukitazama kwa darubini huko kisiwani kaskazini, kabla hawajamrudisha Melbourne. Wakati ule alisema jambo ambalo hata mpishi wa kambi alilijua: Wajapani waliobaki nyuma ya kilima wamekatiwa njia, hawana meli wala risasi za kutosha, wanalima viazi vitamu ili wasife njaa. Waacheni walime. Vita vyenyewe vilishahamia mbali, Wamarekani wamekwenda navyo. Lakini wakubwa wa serikali huko Canberra walitaka nchi ionekane inapigana, ili amani ikija wapewe kiti mezani. Kwa kusema hivyo Jenerali hakufukuzwa. Aliwekwa tu, kama sahani za wageni, akapewa na gari lisilo na petroli. Alikuwa akila na kulala, na kila akimaliza gazeti alilitandika chini ya kuku.

Kilima kiliendelea kukua. Kila kikosi kilipokishambulia na kurudishwa, kiliongezeka kimo, na kesho yake gazeti lilithibitisha. Kuku waligoma kutaga. Bwana mmoja wa manispaa alikuja na futi yake, akapima, akasema sheria inahusu uzio, haitaji vilima popote, ila moshi usiende kwenye nguo za jirani.

Jeshi lina desturi yake: kilima kisicho na jina hupewa jina la askari wa kwanza aliyefia hapo. Hiki kiliitwa Kilima cha Purtell. Desmond Purtell alikuwa mtoto wa wakulima wa ngano wa Mallee, na mama yake, aliposikia kilima kiko kwa nani, alipanda treni akaja, amevaa kofia ya kanisani na keki ya matunda mkobani.

"Ndicho hiki?" aliuliza.

"Ndicho, mama."

"Nilidhani kikubwa zaidi."

Bi Winifred akaleta kasha la mbao, mgeni akaketi. Chini ya kilima askari walikuwa wakikusanyika tena, kila mmoja kama punje ya mchele. Mama Purtell alikodoa macho, kisha akanyoosha kidole.

"Clem wangu yule. Mdogo wake Des. Yule aliyeisukumia kofia kisogoni. Tangu mtoto namwambia jua litamuunguza, hasikii." Akainama karibu zaidi. "Jenerali, hawa si wanajiandaa kupanda?"

"Wanajiandaa, mama."

"Sasa wewe si jenerali? Wazuie."

Jenerali alikuwa ameapa hatampigia simu Waziri Pettifer, mmoja wa wale wakubwa wa Canberra, maishani mwake. Aliingia ndani akampigia, na Bi Winifred akamtandikia mgeni kitanda.

Waziri alikuja Jumamosi na mpiga picha wake. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na mikono yake ilikuwa laini kama maandazi.

"Lanyon! Kumbe raha inakupenda, umenawiri."

"Mheshimiwa, tazama nyuma ya kilima."

Waziri aliinama, akishikilia tai yake isiguse miti. "Wanafanya nini wale?"

"Wanalima."

"Wanalima nini?"

"Viazi. Hakuna kingine huko. Huhitaji kukipanda hiki kilima, huhitaji hata kukizunguka. Waache na njaa yao, wale vijana warudi nyumbani."

"Ndugu yangu, wewe ni askari, siasa hujui. Hiki kina jina la kijana wetu. Nitasimamaje bungeni niseme nimekiacha mikononi mwa adui?"

"Sema mama yake amekubali," alisema Mama Purtell kutoka kwenye kasha lake.

Waziri aligeuka. Alipoambiwa ni nani, uso wake ulilainika papo hapo. Aliushika mkono wa mama kwa mikono yote miwili, akamwita mama wa taifa, akamwambia damu ya Desmond haitapotea bure. Alimvisha kilemba cha ukoka pale pale, mbele ya kamera.

"Ninaye mwingine pale chini," alisema mama. "Huyo sijampoteza."

"Tunajivunia wote wawili," alisema Waziri, akaangalia saa. Mama Purtell alijifuta mkono kwenye koti.

Gari la Waziri lilipoondoka Jenerali aligundua kwamba mkono wake wa kulia uko juu, umempigia saluti bila ya kumuuliza mwenyewe. Alijionea kinyaa. Alikwenda bombani akaunawa mkono ule kwa sabuni ya kufulia.

Jumanne kikosi kilipanda. Vikombe vilitetemeka mezani, na Bi Winifred aliviwekea kitambaa chini visipasuke. Mama Purtell aliifuata ile kofia kwa macho, ikipotea mitini, ikitokea, ikipotea. Wengine walilala njiani wasiamke. Adhuhuri bendera isiyozidi stempu ilipepea kileleni, na kofia ilikuwapo, imesukumwa kisogoni. Hapo ndipo alipoikata keki yake, akala kipande.

Gazeti lilitoka na picha ya Waziri na mkono wa mama. Siku chache baadaye kikosi kilishuka, kwa sababu juu hapakuwa na kitu cha kulinda. Wajapani walihamishia viazi vyao bonde la pili. Kuku walipapenda kileleni, wakaanza kutaga tena, na Bi Winifred alisema upande wenye jua utafaa kwa maboga.

Mama Purtell alifunga mkoba arudi Mallee. Jenerali alikuwa amekwisha kumfungulia lango aliposikia mkewe akiita kutoka bustanini, bila haraka.

"Hector. Njoo huku kwenye tangi la maji."

Walikwenda wote wawili, yeye na mgeni. Kando ya tangi udongo ulikuwa umeinuka kiasi cha sufuria iliyofunikwa, umezing'oa kabichi mbili. Moshi ulikuwa haujaanza. Kutoka upande wa kilima cha kwanza askari walikuja kwa mstari, wakipita kati ya vitunguu, na mmoja wao alikuwa ameisukumia kofia kisogoni.

"Hiki kinaitwaje?" aliuliza Mama Purtell.

"Bado hakina jina, mama."

Aliweka mkoba chini, akavua kofia ya kanisani, akamwomba Bi Winifred amletee lile kasha.