Mlango wa Chumba cha Mitambo

...na huyu kijana anayetuongoza naye, sauti juu kama muuza dawa sokoni, manowari hii urefu wake, manowari hii mizinga yake, haya, tumesikia, tumepita makamanda ukutani na vitambi vyao, tumepita masanamu yaliyovikwa sare za wanamaji, midomo imepakwa rangi kama maharusi, mwanangu angecheka mpaka akae chini, lakini mimi sikuja kuona masanamu, nimekuja kuona mlango, na ndio huu, wameung'oa na fremu yake meli ilipokatwa vyuma chakavu, wameusimamisha katikati ya ukumbi wa makumbusho haya, unaweza kuuzunguka, mlango usiokwenda popote... nyuma yangu mkwe wangu amenishikia mkoba, "Mama, miguu haijachoka? Kuna kiti pale," sijachoka, nimemjibu bila kugeuka, tangu msiba namjibu kwa kisogo, yeye ndiye aliyenibembeleza nije, na binti yangu akalia, mama, huyu ni mume wangu, utamnunia mpaka lini, nikasema sawa, twende, nikauone mlango uliommeza mwanangu nikiwa na mkono ulioufunga, vyote siku moja, kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, maana binti yangu sikumwoza mtu baki, nilimwoza rafiki wa kitinda mimba wangu, baharia mwenzake, kijana niliyempakulia chakula jikoni kwangu, halafu bomba likapasuka, maji ya bahari yakavamia chumba cha mitambo, mwanangu yuko ndani, huyu yuko mlangoni, akafunga. Hakukana. Alikuja na sare yake akapiga magoti, "Mama, ni mimi niliyefunga," na ndiyo sheria yao, chumba kikiingia maji kinafungwa, aliye ndani yuko ndani, la sivyo meli nzima inazama na wote waliomo, najua, nimeelezwa na wakubwa wao, nimeelezwa na majirani, kila mtu fundi wa kunieleza, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hiyo sheria haikunyonya ziwa langu... "Nani anataka kujaribu?" kijana anauliza, mama mmoja amejitokeza, anacheka, mumewe anampiga picha, ameshika gurudumu la chuma kule upande wa pili, anazungusha, na huku nilikosimama mimi, upande wa ndani, upande wa mwanangu, gurudumu jingine linazunguka, hakuna aliyeligusa, linazunguka tu... "Mbona na huku linazunguka?" nimeuliza, "Ni kitu kimoja, mama, yameungwa kwa chuma kilichopita katikati ya mlango, akifunga wa nje, wa ndani anaweza kufungua," anaweza kufungua, amesema hivyo, halafu akaendelea na mizinga yake, anaweza kufungua, na mwanangu alikuwa na mikono ile, wakishindana kulazana mkono pale mezani kwangu, vikombe vinaruka, mwanangu anasema shemeji lala, na huyu analala, kila mara analala, hajawahi kumshinda hata siku moja, mwanangu angetaka kufungua, huyu angelizuia gurudumu kwa nguvu gani... nimegeuka. Nimemtazama usoni, amezeeka, mkoba wangu ameukumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa, "Lilizunguka?" nimemuuliza, hakuniuliza nini, "Hapana, mama. Nililishika nikisubiri alizungushe, ningemwachia, Mungu shahidi wangu ningemwachia. Halikuzunguka," mbona hukuniambia, "Ningekuambiaje, mama?" kweli, angeniambiaje, kwamba mtoto wangu alikuwa na mlango mkononi, maji yanapanda, magotini, kiunoni, na akautazama tu, au aliushika, alikaza zaidi, sijui, sitajua, na mimi miaka yote hii nimeilea chuki kama mtoto mwingine, nimeilisha, nimeilaza, sasa niipeleke kwa nani, kwa huyu anayelia na mkoba wa kike mkononi, watu wanatuangalia, kijana anaita, haya mwingine, mwingine ajaribu, gurudumu linazunguka tena mbele yangu, jepesi, Mungu wangu, jepesi kabisa, mwanangu, ungeweza kurudi kwangu, ungeweza, na hukurudi.