Mtu Avaaye

Mwaka 1954, katika shule moja ya bweni mjini Garissa, hapakuwa na msomi mkubwa kuliko Sugow, kwa ushahidi wa Sugow mwenyewe. Sifa yake nyingine ilikuwa kumwiga Maalim Keinan, mwalimu wa falsafa, ambaye kila v kinywani mwake iligeuka f na kila p ikawa b. "Fijana, fueni fiatu!" Sugow alisema hivyo mara moja, na mgeni mmoja wa bweni akaenda kuviosha kweli.

Ukafika mtihani wa insha. Atakayeongoza angeandikiwa barua ya kwenda sekondari. Sugow akishindwa, mbuzi wa mjomba wake huko Bura walikuwa wakimngoja, na mbuzi hawabishani kwa hoja.

Chaki zilikuwa zimekwisha, hivyo Maalim akasoma swali kwa mdomo: "Mtu afaaye ndiye mtu mwema. Jadili."

Sugow akatabasamu. Maskini, ulimi ule! Bila shaka alikusudia *avaaye*. Akajaza kurasa nne kwa utaratibu aliofundishwa. Akaeleza maana ya kuvaa, akawaleta wapinzani waliodai kwamba hata mwizi ana kanzu, akawajibu kwamba kanzu huficha mwili, haifichi nia. Akahitimisha kwamba mtoto mchanga si mwema wala mbaya, anasubiri tu fundi cherehani.

Siku ya matokeo Maalim alimwita ofisini.

"Sugow, nani alikuuliza habari za nguo?"

"Wewe, Maalim. Ulisema afaaye, nami..."

"Malizia, adeer, mwanangu."

"Nami nikakusahihisha."

Maalim alicheka hadi miwani ikamtoka. "Ulimi wangu naujua tangu hujazaliwa! Siku mbili nilitafuta swali lisilo na herufi zinazonishinda."

Sugow akauliza, "Basi nimeanguka?"

"Swali umelikosa. Lakini maana umeieleza, na wabinzani umewajibu. Wenzako wameandika ndiyo, mistari sita, wakaenda kula." Akamsukumia karatasi tupu. "Kaa. Saa moja. Mtu *afaaye*."

Sugow akaandika, safari hii bila kumsahihisha mtu. Wapinzani walimtoa jasho: je, kisu kinachofaa mkononi mwa mwizi ni chema? Akatafuna kalamu, akawajibu.

Maalim alisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi, akavuta karatasi ya barua, akachovya kalamu kwenye wino.

"Baba yako anaandikwa Yarow, siyo?"

"Yarow, Maalim."